Mataifa yanapojitoa katika mikataba ya silaha za nyuklia: tuzisome notisi zenyewe

Masijala Mstaafu:

Ndugu wanajukwaa, salaam kutoka Dodoma.

Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu ilikuwa masijala: kupokea barua, kuzigonga muhuri wa tarehe, kuziandika namba ya folio na kuziingiza katika majalada. Aliyefanya kazi hiyo haridhiki na habari inayosema tu kwamba taifa fulani "limejitoa" katika mkataba wa nyuklia. Hutaka kujua limemwandikia nani, tarehe ngapi, limetaja ibara ipi, na notisi inakwisha lini. Juzi, kwenye kahawa pale Majengo, kijana mmoja alisema kwa uhakika mkubwa kwamba mikataba hii ni makaratasi ambayo mkubwa huyachana akikasirika. Nilimjibu kwamba aliyeyachana simjui. Wengi wao walitoka kwa mlango ambao wenye nyumba wenyewe waliuweka siku ya kujenga, na ubaya wa mambo umejificha katika mlango huo. Hakuridhika, nami sikuridhika na jibu langu, ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Tuanze na mkataba mama. Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ambao wengi huuita NPT, ulifunguliwa kwa saini Julai 1, 1968 na ukaanza kutumika Machi 5, 1970. Ibara yake ya 10 inampa kila mwanachama haki ya kujitoa akiamua kwamba matukio yasiyo ya kawaida yamehatarisha maslahi makuu ya nchi yake. Anayeamua kwamba matukio hayo yapo ni yeye mwenyewe. Anachodaiwa ni kuwaarifu wanachama wenzake wote pamoja na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa miezi mitatu kabla, na kuyataja matukio hayo.

Taifa moja tu limewahi kupita katika mlango huo, nalo ni Korea Kaskazini, na jinsi lilivyopita panastahili kusomwa polepole. Lilijiunga mwaka 1985. Machi 12, 1993 lilitoa notisi ya kujitoa, baada ya wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki kutaka kuingia katika maeneo ambayo halikutaka yaonekane. Yakafuata mazungumzo na Marekani, na Juni 11, siku moja kabla ya miezi mitatu kutimia, likatangaza kwamba linaisimamisha notisi. Miaka karibu kumi ikapita. Januari 10, 2003 likatangaza kwamba linajitoa, na kwamba uamuzi huo utaanza kutumika kesho yake. Kwa nini kesho? Kwa hesabu yake, siku 89 za mwaka 1993 zilikuwa zimekwisha kutumika, hivyo notisi ilibakiwa na siku moja.

Wapangaji wa Nkuhungu na Kisasa, ambao tangu Serikali ihamie huku wanazisoma karatasi za pango kuliko gazeti, fikirini mwenye nyumba anawapa notisi ya miezi mitatu, mnaelewana, anaiweka mfukoni, kisha baada ya miaka kumi anaitoa akisema mmebakiwa na usiku wa leo. Mjumbe wa mtaa asingekubali. Katika dunia ya mataifa hakuna mjumbe wa kukataa. Oktoba 9, 2006 nchi hiyo ililipua bomu lake la kwanza la majaribio, na hadi Septemba 2017 ilikuwa imefanya majaribio sita.

Mikataba ya wakubwa wawili, Marekani na Urusi (enzi hizo Muungano wa Kisovieti), ina historia nyingine. Mei 26, 1972 Nixon na Brezhnev walitia saini mjini Moscow mkataba uliozizuia nchi zao kujenga mifumo mipana ya kutungua makombora. Hoja yake huwachanganya wengi, kwa maana inaonekana kama kumkataza mtu asijikinge. Lakini ukiwa na ngao isiyopenyeka, jirani yako hataamini tena kwamba unaogopa kisasi chake, naye ataongeza mikuki hadi ngao ipenyeke. Kwa hiyo walikubaliana wote wabaki wazi, ili kila mmoja amwogope mwenzake. Desemba 13, 2001 Rais George W. Bush alitoa notisi ya miezi sita, na Juni 13, 2002 mkataba ukafa. Kesho yake Urusi ilitangaza kwamba haifungwi tena na mkataba wa START wa pili, uliokuwa wa kupunguza silaha za nyuklia za masafa marefu. Angalieni tarehe hizo mbili zinavyofuatana, kwa sababu katika mambo haya barua moja ya kujitoa huvuta nyingine.

Mkataba wa makombora ya masafa ya kati, ambao Reagan na Gorbachev waliutia saini Washington Desemba 8, 1987, ndio ninaousikitikia zaidi. Haukuweka kikomo cha idadi. Uliondoa kabisa aina nzima ya silaha, yaani makombora yanayorushwa kutoka ardhini yenye uwezo wa kufika kati ya kilomita 500 na 5,500. Hadi katikati ya mwaka 1991 makombora 2,692 yalikuwa yameteketezwa, mengine kwa kulipuliwa na mengine kwa kukatwa vipande, wakaguzi wa upande wa pili wakiwa wamesimama pale pale wakihesabu. Marekani ilitoa notisi Februari 2019, na Agosti 2 mwaka huo mkataba ukakoma.

Siku hizi mataifa yamegundua njia za kutoka bila kutamka neno kujitoa. Februari 21, 2023 Rais Putin alitangaza kwamba Urusi inasimamisha ushiriki wake katika New START, mkataba ambao Obama na Medvedev waliutia saini Prague mwaka 2010 na ulioweka kikomo cha vichwa vya nyuklia 1,550 vilivyo tayari kwa kila upande. Ukiusoma mkataba huo utaona kifungu cha kujitoa kwa notisi ya miezi mitatu, lakini kifungu cha kusimamisha ushiriki hutakiona. Novemba 2023 Urusi hiyo hiyo ikafuta uridhiaji wake wa mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia, huku ikiacha saini yake mahali pake. Na iko njia ya kimya kuliko zote, ya kuacha muda uishe: New START iliruhusu kuongezwa mara moja tu, ikaongezwa mwaka 2021 kwa miaka mitano, na mwisho wa nyongeza hiyo ulikuwa Februari 5, 2026.

Kinachopotea kwanza ni macho, hata kabla ya vikomo vyenyewe kuvunjwa. Chini ya New START kila upande uliruhusiwa kufanya ziara 18 za ukaguzi kwa mwaka, na tangu mwaka 2011 pande hizo mbili zilipeana taarifa zaidi ya 25,000: kombora hili limehamishwa, ndege ile imepelekwa matengenezo. Mtu wa masijala anaelewa thamani ya taarifa hizo ndogo ndogo. Ukaguzi ulisimama Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO na haukurudi tena. Vikomo vinaweza kuheshimiwa kwa maneno matupu, lakini asiyeona huhesabu kwa kukisia, na mwanajeshi anayekisia hukisia juu.

Naomba michango, hasa kutoka kwa wanaopingana nami.

Zabibu Kavu:

Shikamoo mzee wangu. Uzi mzuri, lakini nina mashaka na namna unavyouhurumia mkataba ule wa masafa ya kati kama marehemu asiye na hatia. Marekani ilieleza kwa miaka kadhaa kwamba Urusi imetengeneza na kupeleka vikosini kombora la 9M729, ambalo kwa madai yake lilivuka masafa yaliyokatazwa. Urusi ilikana. Ikiwa madai hayo yalikuwa ya kweli, yupi aliyeuua mkataba: aliyekaa ndani akiuvunja, au aliyeandika barua kwa uwazi na kutoka? Mimi naona afadhali anayejitoa kwa notisi kuliko anayebaki kwenye meza huku akificha kombora chini ya kanzu.

Pili, nisamehe kwa ukali, lakini mkulima wa zabibu Hombolo anayesubiri mvua ana faida gani ya kujua vichwa 1,550?

Masijala Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Katika la kwanza umenibana, na sitajitetea kwa nguvu. Ni kweli sheria ya mikataba inamruhusu aliyekosewa kwa kosa kubwa asimamishe au avunje makubaliano, na wakaguzi waliokuwa wakihesabu makombora walikwisha kuondoka mwaka 2001, muda wao ulipokwisha, kwa hiyo madai ya 9M729 yalibaki kuwa neno la huyu dhidi ya neno la yule. Ningeongeza mawili tu. Marekani ilikuwa na sababu nyingine ambayo haikuificha, nayo ni China, ambayo haikuwa imefungwa na mkataba huo na ilikuwa ikijijengea makombora ya masafa hayo hayo. Na Agosti 18, 2019, siku 16 baada ya mkataba kufa, Marekani ilijaribu kombora la ardhini lililopita kilomita 500. Matayarisho ya jaribio la namna hiyo hayafanyiki kwa siku 16. Kisha Agosti 2025 Urusi ikatangaza kwamba hata ahadi yake ya hiari ya kutopeleka makombora hayo haiifungi tena. Barua moja huvuta nyingine, kama nilivyosema.

La pili nawaachia wengine.

Mpunga wa Bahi:

La pili nalijibu mimi, kwa kuwa nimezaliwa juu yake.

Wilaya yetu ya Bahi, pamoja na Manyoni kwa jirani zetu wa Singida, ina urani katika udongo wa mbuga, tena si chini sana. Miaka ya utafiti nilikuwa kijana, na nakumbuka asubuhi tuliyokuta vigingi vyenye utepe wa rangi ya chungwa vimepigwa kwenye majaruba ya baba yangu. Baba alivizunguka, akaendelea kupandikiza mpunga, na jioni akaniuliza kama nimejifunza shuleni hicho kitu ni cha nini. Nilimwambia ni cha umeme na mabomu. Alitulia kidogo, kisha akauliza ni nani anayeamua kiwe umeme au bomu. Sikuwa na jibu, na nadhani uzi huu unauliza hilo hilo.

Urani inayotoka ardhini ina chini ya asilimia 1 ya aina ile inayopasuka kirahisi. Ili itumike katika vinu vingi vya umeme huirutubisha hadi kati ya asilimia 3 na 5, na ya bomu hupelekwa karibu asilimia 90. Mashine ni zile zile, ila huzungushwa muda mrefu zaidi. Kinachozuia safari hiyo ni mkaguzi, na mkaguzi anaingia kwa nguvu ya NPT. Sasa mradi wa Mto Mkuju kule Namtumbo umefika hatua ya kiwanda cha majaribio, kilichozinduliwa mwaka 2025, na siku moja zamu itafika huku. Swali langu kwa mzee wa masijala ni hili: tukimuuzia mtu urani akiwa mwanachama, kisha akatoa notisi ya miezi mitatu na kutoka, mzigo wetu uliokwisha kumfikia unakuwa wa nani?

Masijala Mstaafu:

Ndugu yangu wa Bahi, baba yako alifaa kuwa mjumbe wa Baraza la Usalama.

Swali lako ndilo lililowaumiza vichwa wanachama wa NPT tangu mwaka 2003, na halijapata jawabu lililokubaliwa na wote. Kinu cha Yongbyon ambacho Korea Kaskazini ilikitumia kupata plutoni, malighafi nyingine ya bomu, kilianza kazi mwaka 1986, nchi hiyo ikiwa tayari ni mwanachama. Wapo wanaoshauri kwamba anayetoka arudishe alichokipata akiwa ndani, au ukaguzi uendelee juu ya vitu hivyo hata baada ya kutoka. Wauzaji wengine huandika sharti hilo katika mkataba wa mauzo wenyewe, na ushauri wangu ni kwamba sisi tusiuze hata pipa moja bila kuliandika.

Kwa upande wetu tuna ulinzi mwingine. Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulitiwa saini Cairo Aprili 11, 1996, wakati Salim Ahmed Salim akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na ulianza kutumika Julai 15, 2009. Unatuzuia kuipa nchi isiyo na silaha hizo malighafi ya nyuklia isipokuwa iwe chini ya ukaguzi kamili. Na notisi ya kujitoa humo ni miezi kumi na miwili. Afrika ilijiwekea mlango mzito mara nne kuliko ule wa dunia, na sijasikia mtu akilitaja hilo.

Mwamba wa Chenene:

Mimi hufundisha masomo ya miamba, na ningependa kuongeza kuhusu macho ambayo mleta uzi ameyazungumzia, kwa maana yapo macho ambayo barua ya kujitoa haiyafumbi.

Mkataba wa kupiga marufuku majaribio, uliofunguliwa Septemba 1996, bado haujaanza kutumika kisheria, kwa sababu unahitaji kuridhiwa na nchi 44 zilizotajwa kwa majina, na baadhi yake, Marekani ikiwemo, hazijafanya hivyo. Seneti yake iliukataa Oktoba 1999. Hata hivyo mtandao wake wa vituo unafanya kazi kila siku. Umepangiwa vituo na maabara 337 duniani, na kimoja kipo Dar es Salaam: kinavuta hewa kupitia chujio, kisha chujio hilo hupimwa kuona kama limenasa chembechembe za mionzi. Kilimambogo nchini Kenya kuna kituo cha kupima mitetemo ya ardhi.

Sisi wa Dodoma tunaoishi kwenye ufa wa bonde tunajua tetemeko. Miamba huteleza, upande mmoja ukisukumwa huku na mwingine kule, ndiyo maana mtikisiko wa kwanza unaweza kuwa mwepesi na ule wa pili, wa kuyumbisha ukuta, ukawa mkali. Bomu chini ya ardhi husukuma mwamba kwenda nje pande zote kwa mara moja, hivyo wimbi la kwanza linakuwa na nguvu na mawimbi ya kuyumbisha yanakuwa hafifu kwa kulinganisha. Mtu aliyezoea huiona tofauti hiyo kwenye karatasi kwa jicho. Jaribio la Korea Kaskazini la Septemba 2017 lilipimwa kuwa na ukubwa wa takribani 6.3 na lilijulikana dunia nzima siku ile ile. Kwa hiyo anayejitoa anaweza kuwafukuza wakaguzi, lakini mwamba utamtaja. Upungufu wake ni kwamba mwamba humtaja akishalipua. Vichwa vilivyolala ghalani havitikisi kitu.

Mwanafunzi wa Sheria, Chimwaga:

Naomba kuuliza na kuchangia kwa pamoja. Ibara ya 63 ya Katiba yetu inalipa Bunge, ambalo linakaa kilomita chache kutoka ninapoandikia, mamlaka ya kujadili na kuridhia mikataba. Ibara hiyo inataja kuridhia; kujitoa haikutaji. Je, mlango wa kutokea una mlinzi yule yule wa mlango wa kuingilia?

Marekani swali hilo lilifika mahakamani. Bush alipojitoa katika mkataba wa 1972, wabunge 32 wakiongozwa na Dennis Kucinich walifungua kesi wakisema mkataba ulioingiwa kwa idhini ya Seneti hauwezi kuvunjwa na Rais peke yake. Kesi ilitupwa Desemba 2002 bila mahakama kuamua kiini chake. Matokeo yake ni kwamba kuingia kunahitaji theluthi mbili ya Seneti, na kutoka kunahitaji sahihi moja.

Kabla hatujawacheka, tukumbuke kwamba sisi pia ni watu wa notisi. Tulijitoa COMESA, soko la pamoja la Afrika Mashariki na Kusini, mwaka 2000 baada ya kutoa taarifa mwaka mmoja kabla. Novemba 2019 tuliondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha kwetu wenyewe. Sisemi mambo haya yanalingana na bomu. Nasema kwamba haki ya kutoka tunaithamini ikiwa mikononi mwetu, na tunaiogopa ikiwa mikononi mwa mwingine.

Zabibu Kavu:

Mwanafunzi ametoa hoja ya mwaka. Hombolo nimeielewa pia, baada ya majaruba ya Bahi. Nibaki na swali moja dogo kwa mzee: kwa hesabu zako za masijala, Korea Kaskazini leo imo katika NPT au haimo? Siku 89 na moja zinahesabika, au hazihesabiki?

Masijala Mstaafu:

Mwanangu, umeuliza swali ambalo mabalozi wa nchi karibu 190 wamekwepa kulijibu. Wapo wanaosema notisi iliyosimamishwa imekufa, hivyo ilipaswa kuanza upya, na kwa kuwa haikuanza upya nchi hiyo bado ni mwanachama mkaidi. Wapo wanaosema imetoka na tukubali. Kuamua la kwanza ni kuihesabu kama mwanachama mwenye mabomu yasiyoruhusiwa. Kuamua la pili ni kukiri kwamba mlango ulifanya kazi.

Walipokutana Geneva mwaka 2003, miezi michache baada ya tangazo lile, ilibidi mtu aamue kama kibao chenye jina la nchi hiyo kiwekwe mezani au kiondolewe. Mwenyekiti wa kikao, balozi wa Hungaria, alikichukua akakaa nacho yeye mwenyewe, na vikao vilivyofuata vikauiga utaratibu huo. Hakikuwa mezani wala hakikutupwa. Nimewahi kukaa na jalada la namna hiyo kwenye mtoto wa meza kwa miaka minne, kwa sababu kila mkubwa niliyempelekea alilirudisha bila kuandika neno.

Mwanafunzi, swali lako la mlinzi wa mlango wa kutokea nimelinakili. Kesho nitakwenda maktaba kutazama kumbukumbu za Bunge za mwaka 1999 na 2000, nione kama suala la COMESA lilijadiliwa kabla ya notisi au baada yake, kisha nitarudi hapa.